Mchezo wa Duka: Jinsi ya Kuutambua Ulio Bora

Ukitaka kujua kama mchezo wa duka umetengenezwa na mtu anayeijua biashara, usianze na picha zake. Agiza mzigo wa kwanza, kisha angalia unavyofika. Ukibonyeza kitufe na katoni zikatua mlangoni papo hapo, ujue nusu ya kazi ya muuza duka imeshaondolewa, na nusu hiyo ndiyo inayomnyima usingizi.

Hapa Kindu, katika mkoa wa Maniema nchini Kongo, hilo halihitaji kufafanuliwa. Mchele na mawese Maniema inayo, ila chumvi, sukari, sabuni, betri na vitenge vyote vinatoka mbali. Reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilikamilika mwaka 1911 kwa sababu mto Lualaba kati ya miji hiyo ina maporomoko ambayo meli haiwezi kuyapita. Mzigo wa Kisangani nao unapanda treni kilomita 125 mpaka Ubundu, unashushwa, unapakiwa kwenye chombo cha mto, ndipo uanze kupanda maji kuja kwetu. Mwingine unakuja kwa ndege na bei yake inapanda ukiwa bado angani. Mwingine unasukumwa kwa baiskeli, mwanamume akitembea kando ya magunia siku baada ya siku. Kwa hiyo mwenye butiki anayeagiza leo anakisia mambo mawili kwa pamoja: mzigo utafika lini, na siku hiyo watu watakuwa wanataka nini. Akiagiza mwingi, mtaji wake umelala njiani. Akiagiza kidogo, mteja anavuka kwenda kwa jirani, na huenda asirudi.

Mchezo ulio bora unakuweka katika kisio hilo. Cha ajabu, mmojawapo wa mwanzo kabisa ulilielewa vizuri. Lemonade Stand, ulioandikwa Minnesota, Marekani, mwaka 1973, ulikuwa mchezo mdogo wa maandishi wa kufundishia wanafunzi. Unasoma utabiri wa hali ya hewa, unaamua utatengeneza glasi ngapi, utatundika matangazo mangapi na utauza bei gani. Mvua ikikushukia, kinywaji ambacho hakikuuzwa kimekwenda na maji, na kesho unaanza na pesa iliyobaki. Basi. Maamuzi ni machache, lakini kila moja linauma, kwa sababu umelifanya kabla ya kujua.

Sasa uuweke kando ya Supermarket Simulator wa Nokta Games ya Uturuki, uliotoka mwezi Februari 2024 na kupendwa duniani kote. Kwa kipimo cha mzigo mchezo huu ni dhaifu: unaagiza kwenye kompyuta ya dukani na maboksi yanakuja mara moja. Hakuna treni iliyokwama, hakuna mto uliopungua maji. Lakini usiutupe. Simama nao kwenye kaunta. Mteja anapanga vitu vyake, wewe unavipitisha kimoja kimoja, jumla inatokea, anakupa noti. Droo inafunguka na chenji ni juu yako: noti hii, sarafu ile, mpaka itimie. Foleni inarefuka nyuma yake. Ukiharakisha unakosea, ukisitasita foleni inazidi kurefuka. Walioutengeneza waliheshimu kazi ya mikono, na mikono ndiyo inayoonyesha kama muuzaji anaijua kazi yake.

Tena hapo kwenye chenji ndipo penye utajiri ambao watengenezaji wa michezo bado hawajauchimba. Mteja wa Kindu anatoa noti ya dola tano. Muuzaji anainyoosha kwa vidole viwili, anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza, anapitisha kidole gumba pembezoni akitafuta mchaniko. Mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto unatosha noti kurudishwa. Faranga iliyochoka hadi kuwa laini kama kitambaa inapokelewa bila neno, ila dola lazima iwe nzima. Halafu kuna kiwango cha siku: chenji inatoka kwa faranga, na hesabu ya asubuhi huenda isiwe ya jioni. Muuzaji anaifanya kichwani huku akimsalimia mama anayeingia. Mchezo utakaoweka sarafu mbili kwenye droo moja, na kiwango kinachobadilika, nitauheshimu kabla hata ya kuumaliza.

Kipimo kingine ni bei, na hapa nina msimamo mkali: bei ambayo haijibiwi si bei. Katika michezo mingi unaandika namba, mtu ananunua au anaondoka, yamekwisha. Ndiyo maana nawasifu Wajapani wa EasyGameStation, waliotoa Recettear mwaka 2007. Tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 2010. Binti mdogo ameachiwa deni na baba yake, na analifungulia duka ili alilipe: 10,000 wiki ya kwanza, kisha 30,000, 80,000, 200,000 na 500,000 kwa fedha ya nchi yao. Ni 820,000 kwa wiki tano, na akishindwa anapoteza nyumba. Kila mteja ana kikomo chake. Mtoto wa kike anakuja na senti chache, mwingine anakuja na mkoba mzito na majivuno. Unataja bei, anakataa, unashusha, anakubali au anakwenda zake. Na uzuri wenyewe ni huu: wateja wanakumbuka. Ukiwapatia bei inayokaribia ile waliyoiwazia, imani inakua, na baadaye wananunua vya ghali zaidi. Ukiwakamua leo, umeikata kesho yako. Kila mama sokoni hapa anayetia matabishi ya mchele juu ya kopo lililokwisha kujaa anaijua kanuni hiyo, na hakuipata kwenye skrini.

Kinachokosekana katika michezo yote niliyoitaja ni daftari. Hakuna mteja anayesema, "Mama, andika, nitalipa mwisho wa mwezi." Duka la mtaa, liwe Kasuku, Mikelenge au Alunguli ng'ambo ya mto, haliwezi kukataa mikopo yote wala kuikubali yote. Mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa ni mteja mwema. Shemeji anayechukua sabuni kila Jumamosi ni mtihani. Kumkataa mtu bila kumwaibisha ni ufundi, na kumkumbusha bila kumfukuza ni ufundi mkubwa zaidi. Ukiona mchezo wenye kukopesha, upime hapo: je, deni lina uso wa mtu, au ni namba tu inayopungua?

Ya simu nayasema kwa ufupi, ingawa simu ndiyo wengi wetu tunayochezea. Zima intaneti kwanza. Mchezo ukigoma kufunguka, uufute, kwa sababu mtandao ukikatika utabaki huna kitu. Kisha uangalie kama unauza sarafu zake kwa pesa yako ya kweli. Mchezo wa namna hiyo hutengenezwa uwe wa polepole makusudi, ili uchoke kungoja ukanunue wepesi, na wewe ndiye unayegeuzwa mteja wa duka hilo. Matangazo yakikatiza kila baada ya mauzo mawili, ni hivyo hivyo. Michezo mingi ya Kairosoft ya Japani, kama Mega Mall Story, inalipiwa mara moja na haikusumbui tena. Haina uzito wa Recettear, lakini inafundisha vizuri kwamba mahali pa kuweka kitu huamua kama kitauzwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Mwenye kompyuta, hata ya zamani, aanze na Recettear, maana haihitaji mashine kubwa. Anayetaka kufundisha mkono wake kaunta achukue Supermarket Simulator, huku akijua kwamba mzigo wake unadanganya. Nanyi vijana wa Kindu mnaojifunza kuandika programu, kaeni wiki nzima katika butiki ya shangazi mkiwa na kalamu, mwandike kila anachoamua kabla hajafungua gunia. Mchezo wenyewe mtakuwa mmeshauanza.