Usilipime zeze kwa rula ya fidla

Kuna kauli inayorudiwa sana tunapotambulishiwa muziki wa asili: eti zeze ni "fidla ya Kiafrika". Inasikika kama sifa, lakini mimi naona inalidunisha zeze. Na ukiichunguza vizuri, hata fidla yenyewe haiitendei haki.

Tuanze na kinachofanana. Nywele za upinde zikipakwa utomvu huunasa uzi na kuuvuta. Uzi ukizidiwa huchopoka, halafu hunaswa tena. Mchezo huo hujirudia mamia ya mara kwa sekunde, ndiyo maana sauti haifi haraka kama ya gitaa. Hadi hapo ni ndugu. Tofauti inaanzia kwenye kiwiliwili: fidla ni sanduku la mbao nyembamba zilizobinuliwa, zeze la Wagogo ni kibuyu kilichowambwa ngozi.

Sasa, nani kasema kuna kipimo kimoja cha ubora? Mwangalie Jacob Stainer, fundi wa Absam, Tyrol, aliyefariki mwaka 1683. Fidla zake zilibinuka sana kifuani, na sauti yake ilikuwa tamu, ya chumbani. Mafundi wa Ujerumani walimuiga kwa miongo mingi, na katika karne ya 18 wengi walimweka juu ya Stradivari. J. S. Bach alipofariki mwaka 1750, orodha ya mali zake ilikuwa na fidla ya Stainer. Baadaye kumbi zikapanuka, ikatakiwa sauti ya kufika kiti cha nyuma kabisa, na umbo la Stradivari lililo bapa zaidi likashinda. Je, fidla za Stainer ziliharibika? Hata kidogo. Kilichobadilika ni chumba.

Zeze nalo leo limebadilishiwa chumba, na hapa ndipo penye hatari. Uzi ukitetema mara 100 kwa sekunde, ndani yake zimo pia sauti za 200, 300, 400, hadi 700 na kuendelea. Muziki wa Kigogo huchota noti zake humo humo, ikiwemo hiyo ya saba. Kinanda hakina 700. Noti yake ya karibu ni kama 713. Kwa hiyo kijana akilirekebisha zeze kwa programu ya simu ili liendane na kinanda cha bendi, anadhani anasahihisha kosa, kumbe anafuta noti.

Hebu fanya jaribio. Sikiliza albamu ya Chibite (1996) ya Dk. Hukwe Zawose, gwiji wa Kigogo aliyeishi hapa Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Halafu sikiliza Assembly (2002), aliyoifanya na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada. Ya pili ina mvuto wake, sibishi. Ila kwa masikio yangu, studio imejaza nafasi ambayo kwenye Chibite ilikuwa ya uzi na koo kusuguana. Nikilazimika kuchagua, nachagua Chibite.

Usinielewe vibaya. Sisemi zeze liwekwe kabatini. Zawose mwenyewe alipiga zeze lenye nyuzi nyingi kuliko lile la kale la uzi mmoja au miwili, na hakuna aliyepungukiwa. Lakini kuongeza nyuzi ni kitu kimoja, kubadili sikio ni kitu kingine. Uzi unaweza kuuondoa kesho. Sikio la kizazi kizima likishazoea 713, nani atakumbuka 700?

Kwa hiyo wewe unayesoma muziki, hapa Dunda au kwingineko, ombi langu ni dogo. Siku zeze na kinanda vikigongana jukwaani, usikimbilie vigingi vya zeze. Baadhi ya vinanda vya umeme vinaruhusu noti moja moja kushushwa. Shusha hiyo.