Samaki wa Mawe wa Kisangani

Kila aliyefika Kisangani amewaona Wagenia, wavuvi wa maporomoko, wakishusha migono yao mikubwa katika maji makali. Samaki wao twawajua, twawala. Lakini wako samaki wengine wa Kisangani ambao hakuna mgono uliowahi kuwanasa. Wamelala ndani ya mawe, chini ya nchi hii hii, na habari zao zimo katika kitabu ambacho leo twataka kukipima.

Kitabu hicho kilitolewa mwaka 1955 na Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Jina lake ni Poissons fossiles de l'étage de Stanleyville, yaani samaki wa mawe wa tabaka la Stanleyville. Ndivyo mji ulivyoitwa mpaka mwaka 1966. Mwandishi ni Pierre de Saint-Seine, padre Mfaransa wa Shirika la Yesu. Twalitaja hilo mapema, kwa maana vijana wetu hutuuliza: Je, mtu aweza kumsadiki Mungu Mwumba, na kusadiki pia kwamba dunia ina mamilioni ya miaka? Wengine huuliza kwa siri. Wengine hawaulizi tena. Wamekwisha kwenda zao, wakidhani kwamba sharti mtu achague moja.

Padre yule aeleza samaki waliokutwa katika mawe ya udongo mgumu yenye lami. Samaki alikufa, akazama. Chini ya maji yasiyo na hewa hakuoza upesi. Matope yakamfunika, tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu, hata yakawa mawe. Mwandishi ahesabu mapezi, magamba na mifupa ya kichwa kwa uvumilivu mkubwa. Samaki mmoja amempa jina la mto wetu, Lualabaea. Huyu ni wa jamii ya silakanti, samaki ambao wataalamu walidhani wametoweka duniani zamani sana, mpaka mwaka 1938 mmoja wao alipovuliwa katika bahari ya Afrika ya Kusini. Baadaye wavuvi wa Komoro, Kenya na Tanzania wakawapata wengine. Basi, jamaa wa samaki wa Komoro aliogelea hapa petu! Tena mwaka 1962 padre huyo, pamoja na Edgard Casier, alitoa sehemu ya pili juu ya mawe ya chokaa ya Songa. Humo wakaeleza samaki wa bahari, katika nchi iliyo mbali na bahari zaidi ya kilomita elfu moja.

Sifa ya kwanza ya kazi hii ni unyofu. Mwandishi hakulilazimisha jiwe lihubiri, wala hakulinyamazisha. Alisema alichokiona.

Lakini kasoro zipo, na yafaa tuziseme. Kitabu chazungumza na wataalamu peke yao. Chataja zama za dunia kama kwamba kila mtu azijua, wala mkulima wa Tshopo hapati hata kipimo kimoja cha kumsaidia. Tujaribu sisi. Reli itokayo Ubundu mpaka Kisangani, iliyofunguliwa mwaka 1906, ina kilomita 125. Tuseme dunia ilianza Ubundu, miaka milioni 4,540 iliyopita, na leo ndiyo stesheni ya Kisangani. Kila kilomita ni kama miaka milioni 36. Viumbe hai wa kwanza, wadogo wasioonekana kwa macho, tunao kwa hakika kwenye kilomita ya 29 hivi. Samaki wa Kisangani wanatukuta zimebaki kilomita zisizotimia tano. Dinosaria wanatoweka zikibaki chini ya mbili. Mtu wa namna yetu anaonekana zikibaki mita nane tu. Na tangu kuzaliwa kwa Bwana wetu mpaka leo ni sentimita tano na nusu: kiganja cha mkono chafunika.

Hesabu hizi hazikubuniwa. Urani, kama ile iliyochimbwa Shinkolobwe katika Katanga, hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Apimaye vyote viwili ndani ya jiwe ajua jiwe lina miaka mingapi.

Kasoro ya pili ni umri wenyewe. Padre aliwaweka samaki hawa mwishoni mwa zama za Jurasi. Wataalamu waliomfuata, wakichunguza magamba ya viumbe wadogo mno waliomo katika matabaka hayo, wamewarudisha nyuma mpaka Jurasi ya kati, yapata miaka milioni 170 iliyopita. Je, ni aibu? Hapana. Elimu ya kweli hukubali kusahihishwa. Ndiyo heshima yake.

Ya tatu yatuuma zaidi. Mawe yale yamewekwa Tervuren, na kitabu ni cha Kifaransa kigumu. Mtoto wa Kisangani asoma habari za dinosaria wa Marekani, naye hajui kilichomo chini ya miguu yake. Tungependa nakala za samaki hao zionekane katika shule zetu, na habari zao zielezwe kwa Kiswahili na Kilingala.

Na lile swali la vijana? Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika, aliwaonya zamani Wakristo wasiyasemee mambo ya mbingu na nchi bila kuyajua, wasije wakayafanya Maandiko yachekwe. Papa Pio wa Kumi na Mbili naye, mwaka 1950 katika barua yake Humani Generis, hakukataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, akishika imani kwamba roho yaumbwa na Mungu. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha Nani aliyeumba na kwa nini tupo. Hakikuandikwa ili kuhesabu miaka ya mawe.

Kwa hiyo kijana akikuuliza, usimfokee. Mpeleke mtoni, mwonyeshe jiwe, mwambie kwamba padre alilisoma kwa miaka mingi, naye hakuiacha misa yake.