Alama Zisizo na Kibonye: Hesabu na Kikamba Machakos

Makala haya mafupi yanahoji dai kwamba kibodi ya kompyuta ni chombo tu, kisichoathiri lugha iandikwayo. Mfano wetu ni Machakos, ambako mwalimu mmoja huweza kuandika hesabu asubuhi na Kikamba alasiri kwa vibonye vilevile.

Vibonye hivyo vilipangwa kwa kufuata maandishi ya Kiingereza. Orodha ya alama za ASCII ya mwaka 1963 haikuwa na alama ya kuzidisha (×) wala ya kugawanya (÷). Kwa hiyo mwandishi hutumia herufi x, nayo katika aljebra tayari ina kazi nyingine. Vilevile 10² isipoinuliwa tarakimu husomeka 102: mia imekuwa mia na mbili.

Kikamba kimepatwa na maradhi hayohayo. Kati ya irabu zake saba, mbili huandikwa ĩ na ũ. Neno mũndũ, yaani mtu, likivuliwa alama zake huwa mundu, ambao kwa Kiswahili ni chombo cha kukatia nyasi. Mkamba ataokolewa na muktadha; mwanafunzi mgeni hataokolewa.

Yasemwa kwamba dawa imekwisha patikana, kwani Unicode, iliyotolewa mwaka 1991, imezipa alama hizi namba. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kuwa na namba si kuwa na kibonye, na alama inayodai hatua nyingi za vidole huachwa. Wanaisimu hatuna budi kulishughulikia suala hili wenyewe, maana tahajia si pambo la lugha.