Kinyago Hiki Kilikusudiwa Kumtisha Nani? Uhakiki wa Michongo ya Kuuza katika Mwambao wa Rumonge

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuandika ubaoni methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha, na kila mwanafunzi amewahi kuieleza kwa maneno yale yale: mtu uliyemlea, ukamsomesha na kumpa cheo, hawezi kukutia hofu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanakiruka kinyago chenyewe. Kilichongwa kwa mti gani? Kwa ajili ya nani? Na kama hakimtishi mchongaji, kilikusudiwa kumtisha nani? Katika makala haya nakusudia kuyauliza maswali hayo mbele ya michongo inayouzwa kando ya barabara na kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura hadi Rumonge, safari ya kilomita zipatazo 75. Ni uhakiki kama ule tuliozoea kuufanya juu ya riwaya na tamthilia, ila safari hii matini yetu ni mti.

Wachongaji ninaowazungumzia hawaishi kwa patasi peke yake. Yuko mwalimu wa shule ya msingi anayechonga Jumamosi, yuko seremala anayetumia vipande vilivyobaki baada ya kutengeneza vitanda, yuko kijana anayeuza mawese wiki nzima na kushika tezo jioni. Wanachonga kwa sababu wanapenda, kisha wanauza kwa sababu kinachopendwa nacho kina gharama zake. Kiswahili hakina neno tulivu kwa jambo hili. Kamusi hutupa “uraibu”, neno ambalo pia limebeba tumbaku na tambuu, na nadhani mke wa mchongaji yeyote atakubali kwamba halikukosea sana.

Juu ya kazi za watu hawa husikika hukumu mbili, na nimezisikia hata katika vyumba vya walimu. Ya kwanza ni kwamba hivi ni “vinyago vya watalii”, kwa hiyo si sanaa. Ya pili ni kwamba Warundi hawana jadi ya kuchonga sanamu, kwa hiyo wanaochonga wanaiga tu. Hukumu zote mbili zinatolewa kabla mtu hajaugusa mti.

Tuanze na hiyo ya watalii. Miongoni mwa Wamakonde, vinyago vya kuvaliwa usoni, yaani mapiko, vilikuwa na kazi yake katika shughuli za jando. Vilichongwa kwa siri na viliwatisha kweli wale ambao hawajaingizwa jandoni. Hapa ndipo methali yetu inapopata maana yake kamili: aliyekijua kinyago tangu kikiwa gogo hakukimbia. Lakini mtindo wa shetani, ule wa viumbe vyenye jicho moja na viungo vilivyopotoka, ambao leo dunia nzima huuita Umakonde, haukutoka jandoni. Ulichipuka Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake, na mfanyabiashara Mohamed Peera ndiye aliyeupokea na kuutafutia wanunuzi. Kwa maneno mengine, mojawapo ya mitindo yenye ubunifu mkubwa zaidi katika uchongaji wa Afrika Mashariki ulizaliwa karibu kabisa na meza ya kuuzia. Tukisema kuuza kunaua sanaa, itabidi tueleze shetani huyo alitoka wapi.

Hukumu ya pili nayo haisimami vizuri. Wakamba wa Kenya, ambao leo michongo yao imejaa Nairobi na Mombasa, hawakuwa na jadi kubwa ya sanamu za kuuza. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona kazi za wachongaji wa Kizaramo, akarudi kwao na ujuzi huo. Leo hakuna anayemwambia Mkamba kwamba anaiga. Kuhusu Burundi, ni kweli kwamba sanamu za watu hazikuwa nyingi, lakini mkono uliozoea mti ulikuwapo. Ulichonga vyombo vya maziwa, vinu, makasia, mitumbwi, na zaidi ya yote ngoma. Katika Kirundi “ingoma” ni ngoma na pia ni ufalme, na mti unaochongwa huitwa umuvugangoma, mti unaoifanya ngoma iseme. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma hiyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Jina la orodha linanichekesha kidogo, maana sijui kitu kinachoshikika kuliko gogo la ngoma lililobebwa kichwani.

Tena mwambao huu haukuishi peke yake. Ng'ambo ya Rumonge iko rasi ya Ubwari, na nyuma yake Wabembe wenye vinyago vyao vya nyuso mbili. Kusini zaidi, upande huo huo wa Kongo, wako Watabwa, waliochonga sanamu za wazee wao waliokufa na kuzipamba kwa safu za pembetatu ambazo jina lake ni balamwezi, kuandama kwa mwezi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuusikia mwezi ndani ya neno hilo. Sanamu mojawapo ilikuwa mali ya Lusinga, mtawala wa Kitabwa. Mwezi Desemba 1884 watu wa Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa na kituo Mpala kando ya ziwa, walimvamia Lusinga na kumkata kichwa. Sanamu ikachukuliwa, na sasa imo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Hiyo haikuuzwa. Wale wanaosikitika kwamba siku hizi sanamu zinauzwa wanapaswa kukumbuka jinsi zilivyokuwa zikiondoka kabla ya kuuzwa.

Nimetaja haya ili tusiendelee kutumia neno “asili” kama rungu. Hata mbali na kwetu mambo ni yale yale. Katika visiwa vya Polinesia, tiki ni sura ya binadamu iliyochongwa kwa mti au jiwe, na katika masimulizi ya Wamaori Tiki ni jina la mtu wa kwanza. Tangu miaka ya 1930, baa na mikahawa ya Marekani ilianza kuzitumia sura hizo kama mapambo, na hadi leo wako Wamarekani wengi, wasio na babu hata mmoja Polinesia, wanaochonga tiki nyuma ya nyumba zao na kuziuza. Mara nyingi hutumia magogo ya minazi na jamii yake. Rumonge, mji wa michikichi, ingekuwa na magogo ya kutosha kwa kazi hiyo, ingawa mafundi wetu hawaupendi mti huo kwa sababu ni nyuzi tupu na patasi huurarua badala ya kuukata. Mmarekani huyo anaweza kuchonga tiki nzuri. Tatizo huanza pale anapomweleza mnunuzi kwamba mdomo ule mpana ni mungu fulani wa zamani, ilhali yeye mwenyewe ameupanua kwa sababu msumeno ulipita.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Uongo wa michongo ya kuuza mara nyingi hauko kwenye mti, uko kwenye maneno yanayosindikiza mti. Na maneno ni kazi yetu.

Chukua meza moja ya kawaida kati ya Bujumbura na Rumonge. Vitu vitatu havikosekani. Cha kwanza ni twiga. Burundi haina twiga wa porini. Rusizi ina viboko na mamba, na mamba wa huko waliwahi kupata sifa mbaya duniani kote kwa sababu ya yule mmoja aliyepewa jina la Gustave. Lakini twiga ndiye aliye mezani, shingo ile ile, madoa yale yale, kama anayeuzwa Nairobi na Zanzibar. Mchongaji hajamwona twiga. Amemwona twiga wa mti. Kifani, kazi ni safi: miguu imesimama sawa, msasa umepigwa hadi mti unateleza. Lakini hakuna uamuzi hata mmoja ambao mchongaji huyu ameufanya mwenyewe. Isitoshe, weusi wake ni rangi ya viatu, ingawa muuzaji atasema ni mpingo. Bahati nzuri tuko ziwani, na mpingo huzama majini. Twiga yule angeelea vizuri kabisa.

Cha pili ni kinyago cha uso, chenye nyufa na vumbi jekundu katika matundu ya macho. Utaambiwa kina miaka mia moja, kimetoka Kongo, kilikuwa cha mganga. Ni ujanja unaojulikana kokote vinyago vinakouzwa: kinyago kipya huzikwa udongoni majuma kadhaa ili kizeeke. Ninasikitika juu ya kazi kama hii kuliko twiga, kwa kuwa mara nyingine chini ya vumbi kuna mkono hodari. Niliwahi kuona kimoja ambacho paji la uso lilikuwa limechongwa kwa mapigo marefu ya tezo, bila kurudiarudia, kazi ya mtu asiye na wasiwasi na mti wake. Yote hayo yalikuwa yamefunikwa kwa matope. Mchongaji aliificha kazi yake halisi ili auze umri ambao hana. Kinyago hicho hakimtishi aliyekichonga wala aliyekinunua. Kimebaki na hadithi tu, nayo si ya kweli.

Cha tatu huwekwa pembeni, na huuzwa kwa bei ndogo. Ni mtumbwi wa wavuvi wa ndagala, ile mitumbwi inayofungwa pamoja kwa miti, na taa zimening'inia mbele kuwavuta samaki usiku wa giza. Nitaueleza ule niliouona Rumonge kwa yule mwalimu wa Jumamosi. Umechongwa kwa mwembe, mti mweupe usio na sifa yoyote, na haukupakwa kitu. Wavuvi ni wakubwa mno kuliko chombo chao. Kwa vipimo hivyo wangezama kabla ya kufika mkondoni. Nyuso hazina macho. Lakini yule anayevuta wavu ameegemea nyuma, uzito wote umo visiginoni, mgongo umekaza, na ukimtazama kwa ubavu unahisi kwamba wavu ukikatika ataanguka. Hakuna picha ya kitabu inayofundisha jambo hilo. Lilionekana ufukweni, na mtu aliyelala karibu na ziwa kwa miaka mingi. Mwezi unapokuwa mpevu wavuvi wa taa hupumzika, na nyakati hizo, aliniambia, huwaomba wasimame mbele yake wakivuta kamba ambayo haina kitu.

Nikamuuliza kwa nini huuweka pembeni. Akasema wageni wakiuona huuliza ni wa kabila gani na una maana gani, naye hujibu kwamba ni mtumbwi. Hapo biashara huisha. Kinyago chenye matope kina maelezo ya dakika kumi, mtumbwi una neno moja. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya kinyago, ingawa ulimchukua siku nyingi zaidi.

Sidhani kwamba tatizo la mchongaji huyu ni ukosefu wa sanaa. Amekosa matini. Hajui, na hakuna aliyemfundisha, kwamba “mtumbwi” unaweza kusimuliwa: kwamba ndagala ndiyo dagaa wa Kigoma, kwamba taa zile ziliwahi kuwa karabai, kwamba mtumbwi wa gogo moja unazidi kuwa adimu na nafasi yake imechukuliwa na wa mbao, kwamba maji ya ziwa yalipopanda katika miaka hii ya karibuni hadi kuingia majumbani, mitumbwi ilifungwa mahali palipokuwa na vibanda. Yote hayo anayajua kuliko mimi. Hajui kwamba yanauzika, kwa sababu sisi wasomi tumemzoeza kwamba chenye thamani ni “cha asili” na “cha kale”.

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, tumesema mengi juu ya Kiswahili kama lugha ya biashara. Mitihani yetu bado inamtaka mwanafunzi aandike barua ya kuomba kazi katika ofisi ambayo huenda haipo. Hatumwombi aandike maelezo ya kitu kilicho mezani, mistari sita, bila uongo na bila kumchosha mnunuzi.

Nimelijaribu zoezi hilo darasani kwa michongo mitatu ya aina nilizozitaja. Sharti lilikuwa moja: maneno “asili”, “utamaduni” na “maridadi” yamepigwa marufuku. Dakika za kwanza zilikuwa za ukimya mkubwa. Wengi walikwama kwa twiga, wakaishia kutaja urefu wake. Kwa kinyago waliandika juu ya matope, na mmoja alipendekeza kioshwe kwanza ndipo aendelee. Mwanafunzi mwenyeji wa Rumonge, ambaye kwa kawaida huandika kifupi, alijaza ukurasa mzima juu ya vidole vya miguu vya yule mvuvi anayevuta, jinsi vilivyokunjwa kuushika ukingo wa mtumbwi, na jinsi ukingo huo unavyoteleza alfajiri.