Biti, Baiti na Baudi: Uhakiki wa Istilahi za Kasi ya Data

Istilahi za vipimo vya kasi ya data huhesabiwa kuwa zimekwisha shughulikiwa. Biti ni biti, baiti ni baiti, kuna nini tena? Twaona kazi haijakwisha. Nchi yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Haishangazi basi kwamba wengi wetu tulikutana na maneno haya vitabuni kabla ya kuigusa mashine yenyewe, na tukayapokea jinsi yalivyokuja.

Tuanze na jina la jambo lenyewe. Maandishi mengi ya mafunzo husema "kiwango cha uhamisho wa data". Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno. Kiwango ni kadiri au daraja, wala hakimwambii msomaji kwamba muda unahesabiwa. Na uhamisho, kwa mtumishi yeyote wa umma, ni barua ya kumtoa Karatu kumpeleka Mbulu. Lugha inalo neno kasi, ambalo dereva na baharia hulielewa bila kufafanuliwa. "Kasi ya kupeleka data" yatosha.

Zito zaidi ni suala la biti na baiti. Biti ni tarakimu moja, ama sifuri ama moja. Baiti, kwa matumizi ya leo, ni biti nane. Tukiacha kwamba mitaani kumpiga mtu biti ni kumtisha, maneno haya hayana kosa la sauti wala la sarufi. Kasoro ni kwamba yanatofautiana kwa irabu moja tu, na yakifupishwa hutenganishwa na ukubwa wa herufi tu: B ni baiti, b ni biti. Yakisomwa kwa sauti, tofauti hiyo hufa. Kiingereza kina udhaifu huohuo. Wafaransa waliukwepa kwa kuiita baiti octet, yaani kitu cha nane; sisi tuliazima neno pamoja na ugonjwa wake. Mtu angeweza kufikiria thumni, lakini thumni ni sehemu moja ya nane, kwa hiyo ingeifaa biti, si baiti, na wazee wangali wanaijua kwa senti hamsini. Tuiache.

Tuchukue mfano wa karani wa ofisi huko Qurus, wilayani Karatu. Ana kompyuta ya zamani isiyo na tundu la USB. Inalo tundu la waya la kizamani, ambamo biti hupita moja baada ya nyingine, na kasi yake imeandikwa 9,600 bila kutajwa kipimo. Anataka kupeleka kwenye mashine mpya kumbukumbu zinazojaza disketi moja ya megabaiti 1.44, yaani baiti 1,474,560. Akidhani 9,600 ni baiti, atatarajia kungoja dakika mbili na nusu hivi. Akijua ni biti, akagawa kwa nane, atapata baiti 1,200 kwa sekunde, na muda wa kama dakika 20 na nusu. Kwa kweli kazi itachukua dakika 25 na sekunde 36, kwa sababu katika mpangilio uliozoeleka kila baiti hutanguliwa na biti ya kuanzia na kufuatwa na biti ya kukomea. Zinazopita kwenye waya ni biti kumi. Jina Qurus lenyewe, herufi tano pamoja na hiyo q ya Kiiraqw isiyomo katika alfabeti yetu, ni biti 40 likiwa limehifadhiwa, na 50 likiwa safarini. Karani aliyetarajia dakika mbili na nusu atachomoa waya katika dakika ya tano, akiamini mashine imekwama, na kumbukumbu zake zitafika vipande.

Baudi ni jambo la mbali na hayo. Imetokana na jina la Émile Baudot, mhandisi Mfaransa wa telegrafu, nayo hupima mara ngapi ishara hubadilika katika sekunde moja. Katika modemu za awali za biti 300 kwa sekunde namba hizi mbili zililingana, ndipo watu wakazoea kuzichanganya. Lakini modemu ya V.22bis, yenye biti 2,400 kwa sekunde, hubadili ishara mara 600 tu, na kila badiliko hubeba biti nne. Anayeiandikia "baudi 2,400" ameizidishia mara nne. Wala isiandikwe "baudi kwa sekunde". Sekunde imo tayari. Kwa tahajia twapendelea baudi, kwa kuwa bodi ina kazi za kutosha: ya gari na ya wakurugenzi.

Kuhusu kilo na mega tutasema machache. Kasi ya waya huhesabiwa kwa elfu kamili, na kumbukumbu za mashine mara nyingi kwa 1,024, ile 1.44 ya disketi si hii wala ile, bali ni 1,440 mara 1,024 kwa kila moja. Viambishi vilivyotolewa mwaka 1998 na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme vingetufaa, hata kama "kibibaiti" itamkumbusha Mswahili kibibi fulani.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya mashine zilizokufa. Leo kifurushi cha intaneti hununuliwa kwa MB, ambazo ni baiti, na kasi yake hutangazwa kwa Mbps, ambazo ni biti. Aliyeahidiwa megabiti 8 kwa sekunde akaona megabaiti moja hudhani ameibiwa. Na anayeibiwa kweli hana namna ya kujua.

Kwa hiyo twapendekeza vifupisho hivi viondolewe katika maandishi ya Kiswahili yanayokusudiwa wananchi, na "biti kwa sekunde" iandikwe kwa ukamilifu. Tena kila inapotajwa kasi ya tundu la kizamani, itajwe pia idadi ya biti zinazopita kwa kila baiti. Mabadiliko hayo hayahitaji kubuniwa neno hata moja.