Kumwombea Aliye Shimoni

Kumwombea mtu mwenye kazi ya hatari ni ufundi, na kama ufundi wowote una wanaouweza na wanaoulipua. Kanisani, Sala ya Waamini inapofika, msomaji hutaja viongozi wa nchi, wagonjwa, wasafiri, kisha “wote wanaofanya kazi za hatari”. Waumini huitikia, na ombi linalofuata huanza kabla mtu hajapata nafasi ya kumfikiria hata mmoja wao. Imani haijakosewa hapo. Kazi ndiyo imelipuliwa. Sala ya namna hii hutungwa, na iliyotungwa vizuri huonekana kwa jambo moja: anayeomba anaijua kazi ya anayeombewa, anajua inapoumiza na inapoua. Ndugu wa wachimbaji wadogo wa Mererani, Geita na Kahama ambao huomba hivyo wanastahili sifa ambayo hawapewi, kwa kuwa wengi tunaiona sala kama hisia tu, jambo lisilohitaji ujuzi.

Biblia yenyewe iko upande wao. Mtunzi wa sura ya 28 ya kitabu cha Ayubu alikuwa amemtazama mchimbaji kwa macho mawili. Anaeleza shimo linalochimbwa mbali na makazi ya watu, wanadamu wanaoning’inia humo wakiyumba, giza linalosukumwa nyuma, hata maji ya chini ya ardhi yanavyozibwa yasivuje. Ni mwishoni tu mwa maelezo hayo ndipo anapouliza hekima inapatikana wapi. Kwanza amemaliza kutazama. Zaburi ya 107 inawafanyia mabaharia vivyo hivyo: mawimbi yanawapandisha na kuwashusha, nao wanapepesuka kama walevi. Waanglikana nao, walipokirekebisha Kitabu chao cha Sala mwaka 1662, waliongeza sala maalumu za kutumiwa baharini, ikiwamo ya wakati wa dhoruba. Sala ya walioko nchi kavu haikutosha kwa aliye kwenye sitaha inayopigwa na maji.

Basi sala ya mchimbaji ina mengi ya kutaja. Kabla ya kuanza kazi, mchimbaji mzoefu hugonga dari la njia kwa mtaimbo na kusikiliza. Mwamba mzima hulia kwa mlio mkavu, wa kukazana. Uliojitenga hulia kama debe tupu, na chini ya mlio huo mtu hakai. Kuna matimba yanayoshikilia kuta, na magogo hayo yakikaa kwenye unyevu huoza kwa ndani huku nje yakionekana mazima. Kuna moshi wa baruti, unaotaka kusubiriwa uishe wakati aliyekaa wiki kadhaa bila kupata kitu hana subira. Kuna pampu ya petroli inayoteremshwa shimoni kunyonya maji, ikatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta husinzia asiamke. Halafu kuna mvua, ambayo mkulima wa jirani anaiomba kwa machozi. Mererani ilipofurika mwaka 1998, na tena mwaka 2008, maji yaliingia kwenye mashimo na kuwazamisha makumi ya wachimbaji. Mama anayesema “mpe mwanangu sikio la kusikia mwamba, na subira ya kungoja moshi” ameomba vitu viwili vinavyoweza kumrudisha mtoto nyumbani jioni hiyo.

Wapo watakaosema kwamba sala ndiyo inayozaa uzembe, kwamba anayejiona amelindwa hatakagua matimba. Pingamizi hili lina ukweli wake, nami sitalifukuza haraka. Ombi la juu juu linaweza kweli kumlewesha mtu. Lakini dini inayozungumziwa hapa imelijibu zamani. Nehemia na watu wake waliomba, kisha wakaweka walinzi usiku na mchana. Yesu, aliposhawishiwa ajirushe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa na kuita jambo hilo kumjaribu Mungu. Na tuutazame mgodi wa San José nchini Chile, ulioporomoka tarehe 5 Agosti 2010 na kuwafungia wanaume 33, takriban meta 700 chini ya ardhi, kwa siku 69. Mmoja wao, José Henríquez, aliwaongoza wenzake katika sala kila siku, na walipotolewa wengi walivaa fulana zenye maandishi ya kumshukuru Bwana. Lakini hawakuanza kwa kukaa wakisubiri muujiza. Walijaribu kupanda kupitia njia ya hewa, wakakuta ngazi ambazo zilipaswa kuwamo hazimo. Waliopiga magoti ndio hao hao waliotafuta ngazi.

Wengine watauliza: kama Mungu anajua yote, kwa nini kumtajia pampu na magogo? Anayehitaji kusikia orodha hiyo ni sisi. Na kwenye viti vya mbele kanisani mara nyingi ameketi mwenye mgodi, yule anayesema fedha ya magogo mapya itapatikana uzalishaji ukianza. Akisikia usharika mzima ukiombea matimba yaliyooza, amesikia jambo ambalo kibarua wake angelisema angefukuzwa. Hapa pana mtego, nakiri: sala inayomlenga jirani kwa kisingizio cha kuzungumza na Mungu ni masengenyo yaliyovaa kanzu. Fundi mzuri huutaja mti uliooza, akamwacha mwenye mti ajitambue.

Pingamizi gumu zaidi ni la waliokufa. Mwaka 2015, machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama yaliporomoka, na baada ya siku 41 watu watano walitolewa hai, wakiwa wamekula mizizi na wadudu. Wa sita alifia huko chini. Je, wa kwake hawakuomba? Mhubiri anayetangaza kwa sauti kwamba hakuna shimo litakaloporomoka juu ya mwana wa fulani hana la kumwambia mjane. Na sala hiyo ya kuamuru ni ndugu wa karibu wa dawa ya mganga machimboni, ile inayoahidi jiwe na kinga kwa bei moja. Sala niisifuyo huomba mtu arudi, bila kuuza uhakika kwamba atarudi, wala haichanganyi ombi la uhai na ombi la utajiri. Maana aombaye dhahabu kwanza ndiye atakayemsihi kijana ashuke wakati moshi bado haujaisha. Tena haikomi habari mbaya ikifika. Kuna mwili wa kutafutwa chini ya kifusi, kuna waokoaji ambao nao wameingia chini ya dari lile lile bovu, na kuna watoto ambao ada yao ilikuwa shimoni. Hao nao wana majina, na msomaji wa Jumapili ijayo anaweza kuyauliza mapema.