Tangi Limetoka, Petroli Imebaki

Tarehe 22 Desemba 1998 ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho kwa wenye vituo vya mafuta Marekani kurekebisha matangi yao ya zamani yaliyozikwa ardhini: ama wayakinge na kutu na kuyawekea vizuizi vya mafuta kumwagika, ama wayafunge. Matangi mengi ya chuma tupu yalifukuliwa. Kufukua ni kazi ya nguvu tu. Ugumu upo katika kujua ni nini kilivuja na kimefika wapi, na kwa maoni yangu ushahidi mwingi hupatikana, au hupotea, saa chache tu baada ya tangi kutoka shimoni.

Tangi lenyewe huanza kusema. Kabla ya kulinyanyua, mafundi hulitia barafu kavu, ambayo hugeuka hewa ya ukaa na kuifukuza oksijeni ili mvuke usilipuke. Likishafika juu hukwanguliwa, maana kutu huweza kuziba tundu lile lile ililolitoboa. Mtu mzoefu huangalia kwanza chini ya mdomo wa kujazia. Ufito wa kupimia kina cha mafuta huteremshwa hapo mwaka nenda mwaka rudi, ncha yake ikigonga chuma mahali pale pale mpaka kinalika. Kwa sababu hiyo matangi ya baadaye yaliwekewa bamba la ziada chini ya mdomo huo.

Tundu likionekana, unajua pa kuchota udongo. Lisipoonekana bado unachota: chini ya ncha zote mbili za tangi, chini ya pampu, na kufuata njia ya mabomba, kwani viungo vya mabomba huvuja sana. Sheria za California, kwa mfano, zinataka sampuli moja kwa kila futi 20 za bomba. Udongo unaotakiwa ni ule wa asili ulio chini ya mchanga wa kujazia, kwa sababu petroli hupita mchangani upesi na kutua panapoizuia. Wapo wanaochanganya udongo wa pande zote za shimo ili walipie kipimo kimoja. Huo ni upotoshaji: doa chafu likichanganywa na udongo safi, jibu la maabara litaonyesha shimo zima ni salama.

Pale shimoni hutumika kifaa chenye taa ya urujuanimno kinachohisi mvuke. Chupa hujazwa udongo nusu, hufunikwa kwa karatasi ya alumini, hutikiswa na kuachwa kwa dakika kadhaa, kisha ncha ya kifaa hutoboa karatasi na kunusa. Kinafaa kuonyesha sehemu chafu zaidi, lakini kisiachiwe hukumu. Unyevu hupunguza namba zake, na dizeli isiyotoa mvuke mwingi huweza kukipita.

Kosa linaloniudhi zaidi hutokea katika kubeba sampuli. Benzini, ambayo husababisha saratani, huruka hewani haraka. Zamani udongo ulishindiliwa chupani na kupelekwa maabara ndani ya barafu. Kufikia wakati wa kupimwa, sehemu kubwa ya benzini ilikuwa imeshatoweka, na karatasi ya majibu ikasoma safi. Mwaka 1997 wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, ulitoa utaratibu mwingine: bomba dogo kama la sindano hukata takriban gramu 5 za udongo, ambazo huingizwa papo hapo kwenye kichupa chenye methanoli na kufungwa. Methanoli huishika benzini isiruke.

Ikigundulika kuwa mafuta yamefika kwenye maji, huchimbwa visima vya uchunguzi, visivyopungua vitatu na visivyo kwenye mstari mmoja, ili kulinganisha usawa wa maji na kujua yanaelekea wapi. Mafuta huelea juu ya maji hayo, na kila maji yanapopanda na kushuka kwa misimu huyapaka kwenye udongo wa juu na wa chini.

Kisha kuna MTBE, kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli ili iungue vizuri. Hiyo huyeyuka kwenye maji na kusafiri nayo, ikiitangulia benzini. Maabara isiyoagizwa kuitafuta haitaitaja. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica ulifunga visima vyake vya Charnock kwa sababu ya MTBE iliyotoka kwenye matangi na mabomba ya petroli, ukapoteza karibu nusu ya maji yake ya kunywa. Ilichukua zaidi ya miaka 10, na mtambo maalumu wa kusafishia, kabla ya maji ya Charnock kurudi mabombani.